John Smeaton na Udongo wa Volkano



Majira haya ya mvua kila mtu hapa Bafwasende analia juu ya sima. Inatoka mbali, inapitia Kisangani, na kama turubai ya kamio imepasuka, mfuko unafika umekwisha kuwa jiwe. Ndiyo sababu nimechagua maisha ya mtu aliyesumbukia swali moja: ni nini kinachofanya chokaa iwe ngumu ndani ya maji?

John Smeaton alizaliwa tarehe 8 Juni 1724 huko Austhorpe, karibu na Leeds, Uingereza. Baba yake, mwanasheria, alimtuma London asome sheria. Kijana hakuipenda, akageuka fundi wa vyombo vya kupimia. Baba akakubali (wazee wetu sijui wangesema nini!).

Baharini, kilometa 22 hivi kutoka Plymouth, kuna mwamba wa Eddystone uliovunja merikebu nyingi. Mnara wa kwanza wa taa ulisombwa na tufani mwaka 1703, pamoja na Henry Winstanley aliyeujenga. Mwingine, wa mbao kwa sehemu kubwa, uliungua mwaka 1755. Basi wakamwita Smeaton. Yeye alitaka mawe matupu. Lakini mawe yatashikana kwa nini, wakati mawimbi yanaosha chokaa kabla haijakauka?

Wajenzi wa zamani waliamini kwamba jiwe gumu ndilo linalotoa chokaa ngumu. Smeaton hakubishana, alipima. Alichoma mawe ya chokaa ya mahali mbalimbali, akafinyanga matonge madogo, akayatia majini, akangoja. Tena akayeyusha mawe yenyewe katika asidi aone kinachobaki. Kumbe ugumu haukuwa siri! Chokaa inayoshika majini ni ile ambayo jiwe lake lina udongo wa mfinyanzi ndani. Ya Aberthaw, kule Wales, ilishinda. Akaichanganya nusu kwa nusu na pozolani, udongo wa volkano kutoka Civitavecchia, Italia, ambao Warumi waliutumia zamani sana. Mfanyabiashara mmoja wa Plymouth aliuleta akitumaini kuuza kwa daraja la Westminster, wakaukataa. Mali ya kukataliwa ndiyo iliyojenga mnara.

Walimu wa kemia watanisahihisha: pozolani ina silika iliyopikwa na moto wa mlima. Ikikutana na chokaa na maji, zinaungana polepole kuwa kitu kimoja kigumu, hata hewa haihitajiki.

Taa, mishumaa 24, iliwashwa tarehe 16 Oktoba 1759. Mnara ulifanya kazi mpaka 1882. Ukabomolewa na kuhamishiwa Plymouth kwa sababu mwamba chini yake ulikuwa unaliwa na bahari. Kisiki chake kiko palepale hata leo. Mwaka 1791 Smeaton alieleza kazi yote katika kitabu, bila kuficha mchanganyiko wake. Alikufa nyumbani Austhorpe tarehe 28 Oktoba 1792.

Kule Tororo, Uganda, na Mbeya, Tanzania, viwanda vinasaga mawe ya volkano na kuyatia katika sima. Ndugu zetu wa Goma wanajengea mawe ya Nyiragongo, hata yale yaliyomwagika mjini Januari 2002. Sisi huku porini hatuna volkano. Lakini tuna makapi ya mpunga, na majivu yake, yakichomwa vizuri, yana silika vilevile.

Nyuma ya darasa la sita kuna ndoo yenye matonge matatu: moja ni chokaa tupu, moja ina unga wa matofali ya kuchoma, moja ina majivu ya mpunga. La kwanza limekwisha kuyeyuka. Tafadhali, wadogo wa darasa la kwanza, msiyaguse mpaka Jumamosi.