Mary Seacole, Mama wa Askari Wagonjwa



Tunapozungumza habari za kuwahudumia wagonjwa, mara nyingi tunafikiria dawa, vitanda na vifaa. Tunasahau kwamba mgonjwa huja na lugha yake, chakula alichokizoea, namna yake ya kusali na hofu zake. Tunasahau pia kwamba anayempokea naye ana dhana zake kuhusu kabila, rangi, dini na hali ya mtu, na dhana hizo humfikia mgonjwa kabla dawa haijamfikia.

Kwa sababu hiyo leo tunawasimulia maisha ya Mary Seacole, mwanamke wa Jamaika aliyewauguza watu wa mataifa mengi katika karne ya 19. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala sisi hatumleti hapa kama mtu asiye na dosari. Tunamleta kwa sababu alizijua pande zote mbili: alihukumiwa kwa sura yake, naye pia aliwahukumu wengine kwa sura zao.

Kuzaliwa na malezi

Mary Jane Grant alizaliwa mjini Kingston mwaka 1805. Baba yake alikuwa askari kutoka Scotland. Mama yake alikuwa Mjamaika huru, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kizungu. Jamaika ilikuwa koloni la Uingereza na utumwa ulikuwa bado halali. Watumwa wa huko hawakupata uhuru kamili hadi mwaka 1838. Kwa hiyo Mary alikua akiwa mtu huru, lakini katika nchi ambayo rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mtu aketi wapi na asikilizwe na nani.

Mama yake alikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Blundell Hall. Maafisa wa jeshi la Uingereza na familia zao walifikia hapo, na walipougua homa za nchi za joto, mama huyo aliwatibu kwa dawa za miti na kwa matunzo mema. Mary alijifunza kwa kutazama. Alipokuwa mdogo alimtibu mwanasesere wake, kisha akahamia kwa mbwa na paka, na mara nyingine alijijaribia dawa mwenyewe. Hakusoma chuo chochote cha uuguzi. Shule yake ilikuwa nyumba ile, ambamo dawa za Kiafrika na desturi za Waingereza zilikutana. Tangu utotoni alijua Mwingereza mgonjwa anataka kula nini, anaogopa nini, na anapenda kuongeleshwa vipi.

Mwaka 1836 aliolewa na Edwin Seacole. Mume wake alifariki mwaka 1844, na mama yake akafuata muda mfupi baadaye. Nyumba yao ilikuwa imeteketea katika moto mkubwa wa Kingston mwaka 1843, na Mary akaijenga upya. Akabaki mjane asiye na mtoto, mwenye kujitegemea kwa biashara na uuguzi.

Kipindupindu huko Panama

Mwaka 1851 alimfuata kaka yake Edward katika kijiji cha Cruces, huko Panama. Wakati huo maelfu ya watu walipita njia hiyo wakielekea California kutafuta dhahabu. Siku chache baada ya kufika, mtu mmoja aliyekuwa amekula kwa Edward alikufa ghafla. Watu wakanong'ona kwamba amelishwa sumu, na Edward akashukiwa. Mary alikwenda kuiangalia maiti, akaona dalili alizokuwa amezijua Jamaika mwaka uliotangulia. Ilikuwa kipindupindu, na baada ya muda mfupi kijiji kizima kilikuwa katika msiba.

Hapakuwa na daktari wa kutegemewa. Mary aliingia katika vibanda vya wachukuzi na waswaga nyumbu, akawakuta wamelala chini, wagonjwa na wazima pamoja. Alifungua madirisha, akawasha moto, akawakanda, akawapa maji yaliyochemshwa na mdalasini kwa ajili ya kiu. Wenye fedha walimlipa, maskini aliwahudumia bure. Hatimaye naye akaugua, akapona. Baadhi ya dawa zake, kama zile zenye zebaki na risasi, leo tunajua zilikuwa na madhara. Lakini ndizo zilizotumiwa na madaktari wengi wa wakati ule.

Huko Panama pia alionja dharau. Katika karamu moja, Mmarekani mmoja alisimama kumsifu kwa kazi yake, kisha akasikitika kwamba hakuwa mweupe, na akatamani ingewezekana kumng'arisha ngozi. Mary alijibu kwamba hakuhitaji kung'arishwa. Hata kama angekuwa mweusi kama Mwafrika yeyote, alisema, angekuwa na furaha ileile na manufaa yaleyale. Kisha akawatakia Wamarekani wale adabu iliyo bora zaidi. Alipoondoka Panama, abiria wa meli ya Kimarekani walikataa kusafiri naye, akalazimika kushuka na kungoja meli ya Kiingereza.

Milango iliyofungwa London

Baada ya kuwauguza wagonjwa wa homa ya manjano nyumbani Jamaika mwaka 1853, Mary alifika London mwaka 1854. Uingereza na Ufaransa, pamoja na Uturuki, zilikuwa vitani dhidi ya Urusi katika rasi ya Crimea. Magazeti yalieleza jinsi askari walivyokuwa wakifa kwa kipindupindu na kuhara kuliko kwa risasi. Florence Nightingale alikuwa amepelekwa na kundi la wauguzi 38, masista wa Kikatoliki wakiwemo, na kundi la pili lilikuwa likiandaliwa.

Mary aliona hiyo ndiyo kazi anayoijua. Alikuwa na barua za madaktari na maafisa waliomfahamu. Akaenda ofisi ya vita, akaenda idara ya tiba, akangoja nyumbani kwa waziri aliyehusika, akaomba hata kwenye mfuko wa misaada. Kila mahali jibu lilikuwa kwamba nafasi zimejaa. Mmoja wa wasaidizi wa Nightingale alimsikiliza, na Mary akaona usoni mwake kwamba hata kama nafasi ingekuwepo, asingepewa yeye. Jioni moja alisimama barabarani akalia. Alijiuliza kama ubaguzi aliouona kwa Wamarekani ulikuwa umeota mizizi Uingereza pia, na kama watu hawa waliukataa msaada wake kwa sababu damu yake ilipita chini ya ngozi nyeusi kuliko ya kwao.

Hatuwezi kuingia mioyoni mwa waliomkataa. Huenda baadhi yao walijiona watu wema, na walikuwa watu wema katika mambo mengine. Hapo ndipo ugumu ulipo. Aliyemkataa hakuhitaji kumchukia. Ilitosha kuwa na picha kichwani ya jinsi muuguzi anavyopaswa kuonekana, na Mary hakufanana na picha hiyo. Gharama ya picha hiyo ilimwangukia askari aliyekuwa akifa kwa ugonjwa ambao mwanamke huyu alikuwa ameuuguza katika nchi mbili.

Nyumba ya Spring Hill

Mary hakurudi Jamaika. Mwaka 1855 alisafiri kwa gharama zake, akishirikiana kibiashara na ndugu wa mume wake aitwaye Thomas Day. Karibu na Balaclava, mahali walipopaita Spring Hill, walijenga nyumba kwa mabati, mbao za masanduku na magogo yaliyookotwa majini. Waliiita British Hotel. Ilikuwa duka, mgahawa na zahanati kwa pamoja. Asubuhi aliwapokea wagonjwa, mchana aliuza bidhaa, na siku za mapigano alipanda juu ya mnyama akiwa na mikoba ya bandeji, dawa na chakula, akawafuata majeruhi uwanjani.

Askari walimwita mama, naye akawaita wanawe. Alijua kwamba kijana aliye mbali na kwao hupona vizuri zaidi akipata kitu cha kwao, hivyo aliwapikia mchuzi mwepesi, keki, na wali mtamu hata pale ambapo maziwa hayakupatikana. Gatini la Balaclava aliwapa chai majeruhi waliokuwa wakingoja kupakiwa melini. Asiye na pesa hakufukuzwa.

Mwezi wa Agosti 1855, baada ya mapigano ya mto Tchernaya, aliwahudumia Wafaransa, Waitalia na Warusi waliokuwa wamelala pamoja. Mrusi mmoja alikuwa amepigwa risasi ya taya. Mary alitia kidole kinywani mwake kuitafuta risasi hiyo, na mtu yule akakata roho huku meno yake yamekibana kidole. Kovu lilibaki maisha yote. Afisa mwingine wa Kirusi, ambaye hakuwa na lugha ya kuzungumza naye, alivua pete yake akampa, akambusu mkono. Warusi hao walikuwa adui wa wale aliowaita wanawe, na hapo hakuuliza habari hiyo.

Kasoro zake

Tungeishia hapa tungekuwa na hadithi nzuri, lakini isingekuwa kweli yote. Mwaka 1857 Mary alichapisha kitabu cha maisha yake. Humo, mwanamke huyuhuyu aliyelia barabarani London anawadharau wenyeji wa Panama kuwa wavivu na waoga, na anawataja Waturuki na Wagiriki kwa kejeli. Hata baadhi ya watu weusi waliomtumikia aliwapa majina ya dharau yaliyotumiwa na Wazungu. Alijivunia damu yake ya Kiskoti, akaiona kuwa chanzo cha bidii yake.

Liko pia jambo zito zaidi. Kule Panama, mtoto yatima wa karibu mwaka mmoja alimfia mikononi kwa kipindupindu. Mary alimlipa mtu aliyekuwa akiupeleka mwili kuzikwa, akaupasua kwa siri ili aujue ugonjwa. Alitaka kuokoa wengine, na alisema alijifunza mengi. Lakini sisi tunajiuliza: mtoto yule angekuwa wa afisa wa Kiingereza, je, angethubutu? Yatima asiye na mtu wa kumsemea ndiye aliyekuwa rahisi kuguswa bila idhini.

Hatuyasemi haya ili kumshusha. Tunayasema kwa sababu yanatufundisha kwamba kuonewa hakumfanyi mtu asionee, na kwamba moyo wa huruma waweza kukaa nyumba moja na dharau bila mwenye nyumba kujua.

Miaka ya mwisho

Vita vilipokwisha mwaka 1856, Mary alibaki na shehena ya bidhaa zisizo na mnunuzi. Alirudi Uingereza akafilisika. Askari hawakumsahau: mwaka 1857 waliandaa tamasha la siku 4 jijini London kumchangia. Karibu na mwaka 1860 alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Alifariki London tarehe 14 Mei 1881, akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, Kensal Green. Kisha jina lake likafifia kwa karibu miaka 100, hadi kaburi lake lilipokarabatiwa mwaka 1973. Mwaka 2016 sanamu yake ilisimamishwa mbele ya hospitali ya St Thomas', London.

Tunajifunza nini

Mafrateri wanaokwenda kutembelea wagonjwa, na waamini wanaofanya kazi au kujitolea hospitalini, wana mambo ya kuchukua hapa. La kwanza ni kutazama kabla ya kudhani, kama Mary alivyoitazama maiti wakati wengine walikuwa tayari wameshataja sumu. Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri huitwa mkaidi, kumbe hakuelewa maelekezo. Mama aliyetoka shambani hufokewa, na mwenye suti huitwa mheshimiwa, ingawa wote wawili wana homa ileile. Aliyetumia dawa za miti shamba huficha kwa kuogopa kusemwa, na siri hiyo yaweza kumdhuru dawa zinapokutana mwilini. Mwislamu anayefunga Ramadhani anaweza kuacha vidonge vya mchana bila kumwambia mtu, ilhali angeulizwa kwa heshima, daktari angeweza kutafuta saa zinazofaa.

Maswali yenyewe si magumu. Unaitaje ugonjwa wako? Kwenu mgonjwa hula nini? Ni nani katika familia ungependa awepo tunapoongea? Kitu gani kinakutia hofu? Msamaria wa Injili hakuuliza kabila la aliyelala njiani, lakini alimsogelea karibu kiasi cha kuyaona majeraha yake.

La pili ni kujichunguza dhamiri. Jioni, pamoja na dhambi nyingine, tujiulize: leo ni nani niliyemhudumia haraka kwa sababu anafanana nami? Ni nani niliyemwacha angoje? Nilimwita nani kwa jina la kabila lake badala ya jina lake?

Tumwombee Mary Seacole pumziko la milele, na tuwaombee wote wanaokesha na wagonjwa usiku huu, ili kila anayelazwa akutane na mtu anayemtazama yeye kwanza.