Louis de Broglie, mutu aliyesema kila kitu kina wimbi

Ebola ilipotangazwa huko Mangina, upande wa Beni, tarehe 1 Agosti 2018, watu wengi wa Beni na Butembo walikataa kuamini kwamba virusi hivyo viko kweli. Mwezi wa pili 2019, vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Ugonjwa ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, kisha kuua watu zaidi ya 2 200.

Lakini virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kuonekana na kupigwa picha tangu mwaka wa 1976, kwa njia ya mikroskopi ya elektroni. Chombo hicho kinategemea jambo moja gumu kuamini kuliko hata Ebola: vitu vyenyewe, si mwangaza tu, vinaenda kama mawimbi. Mutu wa kwanza kusema hivyo alikuwa Mufaransa, Louis de Broglie.

Alizaliwa Dieppe, muji wa pwani kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 15 Agosti 1892, katika jamaa ya zamani yenye ilitoa majenerali na mawaziri. Baba yake alikufa mwaka wa 1906. Kaka yake Maurice, aliyemupita miaka 17, ndiye akamulea. Maurice alikuwa ameacha kazi ya jeshi la majini na kutengeneza maabara ndani ya nyumba ya jamaa huko Paris, akichunguza miali ya X, ile yenye kutumiwa hopitalini kwa kupiga radio ya kifua.

Louis yeye alisoma historia kwanza, na akapata diploma akiwa na miaka 18. Kilichomugeuza ni makaratasi. Mwaka wa 1911, wataalamu wakubwa wa fizika walikutana katika hoteli moja ya Bruxelles, muji uliokuwa ukitawala Kongo wakati huo, na Maurice alikuwa mumoja wa waandishi wa mukutano. Mudogo wake akasoma yote yaliyosemwa mule, akaacha historia. Kisha vita vya 1914 vikamupeleka jeshini, na miaka mingi akafanya kazi ya mawasiliano ya redio chini ya munara wa Eiffel. Huenda kushinda kutwa katikati ya mawimbi ya redio kulimusaidia kuliko masomo mengi.

Wakati huo Einstein alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mwangaza, wenye kila mutu aliuhesabu kuwa wimbi, unafanya pia kama punje ndogondogo. Louis akageuza swali. Kama wimbi linaweza kufanya kama punje, kwa nini punje, kama vile elektroni, isifanye kama wimbi?

Wavuvi wa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edouard, wanajua mawimbi mawili yakikutana: pahali pamoja maji yanapanda sana, pahali pengine yanatulia kana kwamba yamefutana. Mawe mawili hayawezi kufutana hivyo. Louis alisema elektroni zinaweza. Hata jiwe lina wimbi lake, lakini kadiri kitu kilivyo kizito na chenye mbio, ndivyo wimbi lake linavyokuwa fupi. Wimbi la pikipiki ya barabara ya Beni ni fupi hata hakuna chombo cha kulipima.

Alitetea wazo hilo mbele ya waalimu wa Sorbonne tarehe 25 Novemba 1924. Hakuwa na jaribio hata moja la kulionyesha, hesabu tu. Waalimu walishindwa kujua waseme nini. Mumoja wao, Paul Langevin, alituma nakala kwa Einstein, naye akaona kwamba kijana yule amefunua jambo kubwa. Bila neno hilo la Einstein, pengine kitabu kile kingebaki kabatini.

Miaka mitatu tu ikapita. Mwaka wa 1927, Clinton Davisson na Lester Germer, kule Marekani, walirusha elektroni juu ya chuma cha nikeli, zikatoka kwa mupangilio ule ule wa mawimbi. George Thomson aliona vilevile huko Scotland. Baba yake, J. J. Thomson, ndiye aliyekuwa ameonyesha kwamba elektroni ni punje. Baba alipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1906, mutoto 1937, na hakuna kati yao aliyekosea. De Broglie alipewa yake 1929, akiwa na miaka 37.

Faida yake kwa watu wa kawaida ni hii. Virusi vya Ebola vina unene wa nanometa karibu 80, lakini wimbi la mwangaza lina 400 na zaidi. Linavipita bila kuvionyesha. Elektroni zenye kusukumwa na volti 100 000 zina wimbi fupi karibu mara 100 000 kuliko la mwangaza. Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza mikroskopi ya kwanza ya namna hiyo Berlin, mwaka wa 1931. Inafaa kusema ukweli: walipoanza hawakujua kazi ya de Broglie, waliposikia habari yake, ndipo walipoelewa chombo chao kitafika mbali kiasi gani. Mwaka wa 1976, damu ya mutawa mumoja Mubelgiji, aliyeugua ugonjwa uliotoka Yambuku, ilisafirishwa kutoka Kinshasa mpaka Antwerpen ndani ya chupa ya chai, na virusi virefu kama kamba vikaonekana.

De Broglie mwenyewe hakukubaliana na namna wenzake walivyoeleza wimbi lake, eti ni la kuhesabu bahati tu. Bruxelles, 1927, alisema kwamba wimbi linaongoza punje kweli. Wakamupinga, akanyamaza miaka 25. Aliirudilia fikra hiyo 1952, kisha Mumarekani David Bohm kuifufua, na aliishikilia mpaka mwisho, ijapokuwa wataalamu wengi hawakumufuata.

Alirizi cheo cha kaka yake mwaka wa 1960. Hakuoa, hakuacha mutoto. Alikufa Louveciennes, karibu na Paris, tarehe 19 Machi 1987, akiwa na miaka 94, na cheo kikaenda kwa jamaa wa mbali.