Shaaban Robert na mtoto asiyeonekana darasani



Jumapili hii nakualika tumtazame mtu ambaye hakuwa wa Kanisa letu. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, mtu mwenye kumcha Mungu, na sisi Wakristo wa pwani hii tumeishi na ndugu zetu Waislamu miaka mingi kiasi cha kujua kwamba Mungu hutufundisha pia kupitia jirani. Jina lake ulilisikia ungali shule ya msingi, pengine ukiambiwa ukariri mashairi yake. Leo tuyaweke mashairi pembeni kidogo, tumtazame alipokuwa mtoto wa shule.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alipokuwa na miaka 5, Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga, na vita vilipokwisha nchi ikapata mtawala mwingine. Shule zilikuwa za kuhesabika. Mtoto wa kijiji cha pwani alikuwa amekwisha kuandaliwa njia yake: jembe, nyavu, au kibarua katika mashamba ya mkonge.

Lakini mwaka 1922 tunamkuta kijana huyu wa miaka 13 yupo Dar es Salaam, darasani. Alisoma huko hadi mwaka 1926, akamaliza akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti.

Ndugu msomaji, usiipite haraka miaka hiyo 4. Kati ya miaka 13 na 17 ndipo mvulana wa pwani huanza kuonekana ana mikono ya kuvuta nyavu na kukwea mnazi. Ndipo na msichana huanza kuletewa posa. Kila wiki ya umri huo ina sababu yake nzuri ya kumtoa mtoto shuleni: baba anaumwa, samaki wameingia, sare imechanika, mdogo wake hana wa kumlea. Kijana kutoka Machui asingefika mwaka 1926 akiwa bado darasani kama watu wazima waliomzunguka wasingekubali kuikosa nguvu ya mikono yake kwa muda wote huo. Majina yao hayajulikani kama lake. Mbele za Mungu yanajulikana.

Alipomaliza aliajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1944, na Pangani ni moja ya vituo alivyotumikia. Wewe unayevuka kwa kivuko kwenda Bweni unaujua mto ule na jinsi maji ya kupwa na kujaa yanavyotawala kazi zote za ufukweni. Katika ofisi za namna hiyo alihesabu mizigo ya watu, na nje ya kazi akaandika. Hakufika chuo kikuu. Elimu aliyoikosa aliitafuta mwenyewe vitabuni, hata kwa masomo ya posta, akiwa mtu mzima mwenye kazi na familia.

Mkewe Amina alipofariki, alibaki na watoto wa kulea. Aliwaandikia tenzi mbili za mafundisho, mmoja wa binti yake na mwingine wa mwanawe wa kiume. Tazama jambo hilo: binti naye aliandikiwa wa kwake. Baba yule, wakati ambao wengi hawakuona haja ya msichana kushika kalamu, alimwachia bintiye urithi wa maandishi.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha katika ofisi ya upimaji. Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chake Kusadikika, ambamo Karama anashtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria. Aliandika pia maisha ya Siti binti Saad, binti wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika nyumba ya wafinyanzi, akatembeza vyungu mjini, na baadaye akawa mwimbaji mkubwa bila kuketi darasani. Mtu aliyepata bahati ya shule hakuwasahau waliobaki nje ya mlango wake. Alifariki Juni 1962 akiwa na miaka 53, akazikwa Vibambani alikozaliwa.

Sasa tufungue Injili ya Luka, sura ya 2. Yesu ana miaka 12, karibu umri ule ule wa kijana wa Machui. Wazazi wake wanaondoka Yerusalemu baada ya sikukuu na kutembea mwendo wa siku nzima, wakidhani mtoto yupo na wenzake katika msafara. Kila mmoja msafarani angeweza kudhani yupo na mwingine. Jioni ndipo wanamtafuta kwa ndugu na majirani, hawamwoni. Wanageuka, wanarudi njia ile ile, na baada ya siku 3 wanamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza.

Ndivyo watoto wetu wanavyopotea shuleni. Mama anadhani mtoto yupo darasani. Mwalimu anadhani yupo nyumbani anaumwa. Jirani anamwona ufukweni saa nne asubuhi, anadhani wenyewe wanajua. Hakuna mtoto anayeamka siku moja na kuacha shule. Hukosa Jumatatu, kisha siku mbili, kisha anaona aibu kurudi kwa sababu hesabu zimempita na wenzake watamcheka. Ukija kugundua baada ya miezi 3, ana mshahara mdogo mfukoni na haoni tena sababu ya daftari.

Ni kweli tumepiga hatua. Tangu mwaka 2016 shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne hazitozi ada, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikafuata. Novemba 2021 serikali ilifungua mlango kwa walioacha masomo kurudi shuleni, wakiwemo wasichana waliojifungua. Lakini ada haikuwa mzigo peke yake. Sare, madaftari, viatu na uji wa mchana bado vinamshinda mama anayelea peke yake. Na mlango uliofunguliwa haumsaidii binti ambaye sisi wenyewe, waumini, tunamnyooshea kidole anapopita na mtoto mgongoni. Huyo anahitaji mtu wa kumshikia mtoto asubuhi ili aende darasani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila mwanadamu ana haki ya elimu, na kwamba Kanisa liwajali kwanza maskini na wasio na msaada wa familia. Tuna chombo cha kulitimiza: Jumuiya Ndogo Ndogo. Wiki hii, mnapokutana kusali, mkiisha kusoma Neno ulizeni nani hakwenda shule. Mtajeni kwa jina. Wawili wamtembelee kabla wiki haijaisha, na wasiende mikono mitupu kama tatizo ni sare. Mwalimu mkuu awe na namba ya mwenyekiti wa jumuiya. Mtoto wa jirani Mwislamu ahesabiwe humo humo. Kama Mungu aliiweka hazina ya Kiswahili kwa mtoto wa Vibambani, huwezi kujua ameweka nini kwa huyu anayevua dagaa asubuhi ya Jumatatu.

Maria na Yosefu walichelewa siku moja, wakageuka mara moja. Tuombe neema ya kugeuka kama wao, na miguu ya kutufikisha.

Jumapili njema.