James Scarth Gale: Mmisionari aliyekubali kuwa mwanafunzi wa Wakorea

Siku hizi vijana wa nchi nyingi wanajifunza Kikorea. Vyuo vikuu vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ufaransa vina walimu wanaofundisha lugha, historia na vitabu vya kale vya Korea. Wengi wanafikiri kwamba masomo hayo yamezaliwa juzi, kwa nguvu ya filamu, muziki na viwanda vya Korea Kusini. Kumbe mizizi yake ni ya zamani, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo ilipandwa katika nyumba za wamisionari. Leo tunataka kumkumbuka mmoja wao, Pasta James Scarth Gale.

Hakuwa wa kwanza. Wamisionari Wakatoliki wa Ufaransa walikwisha kuchapisha kamusi ya Kikorea na Kifaransa mwaka wa 1880. Naye John Ross, mmisionari Mprotestanti kutoka Uskoti aliyetumika Manchuria, alitoa kitabu cha kujifunzia Kikorea mwaka wa 1877, na historia ya Korea kwa Kiingereza mwaka wa 1879. Lakini ni wachache waliokaa na kazi hiyo muda mrefu kama Gale, na ni wachache waliolipa gharama yake kama yeye.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1863 katika kijiji cha Alma, jimbo la Ontario, huko Kanada. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uskoti. Mwaka wa 1888 alimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Toronto. Hakuwa mchungaji wala daktari, na hakuwa na misioni kubwa nyuma yake. Chama cha vijana Wakristo wa chuo hicho ndicho kilichoahidi kumtegemeza. Mwezi wa Desemba wa mwaka uleule akafika Busan, bandari ya kusini ya Korea, kisha akaendelea mpaka Seoul, mji mkuu. Alikuwa na miaka 25.

Siku zile wageni wengi wa Seoul waliishi pamoja katika mtaa mmoja, wakila chakula cha kwao na kuongea lugha ya kwao. Gale aliona kwamba akibaki pale hatajua Kikorea. Mwaka wa 1889 aliondoka akaenda Haeju, kisha Sorae, kijiji cha pwani ya magharibi. Sorae kilikuwa na sifa yake ya pekee. Wakorea wenyewe walikuwa wameanza kukusanyika kwa ibada pale kabla mmisionari yeyote hajakaa kati yao, kwa sababu ya vitabu vya Injili ambavyo John Ross na wasaidizi wake Wakorea walivitafsiri huko Manchuria. Kwa hiyo Gale hakuleta kanisa Sorae. Alilikuta.

Katika safari hiyo alikutana na kijana msomi, jina lake Yi Chang-jik. Tunaomba msomaji alishike jina hili, maana bila Yi Chang-jik hatungekuwa na habari ya kusimulia. Alikuwa mwalimu wa Gale, kisha rafiki na mwenzake wa kazi. Alifuatana naye Busan, Wonsan na Seoul, na urafiki wao ulidumu karibu miaka 40, mpaka Gale alipoiacha Korea.

Kitu gani kilikuwa kigumu hivyo katika lugha hiyo? Korea ilikuwa na njia mbili za kuandika. Wasomi waliandika kwa herufi za Kichina, na mtihani wa kupata kazi ya serikali ulitaka mtu ajue vitabu vya kale vya China kwa moyo. Wanawake na watu wa kawaida walitumia Hangul, herufi nyepesi zilizotungwa wakati wa mfalme Sejong na kutangazwa mwaka wa 1446, lakini wasomi wengi walizidharau. Mgeni aliyetaka kuhubiri sokoni alihitaji lugha ya sokoni. Aliyetaka kuzungumza na wazee wenye elimu alihitaji vitabu vyao vilevile. Gale aliamua kujifunza vyote viwili.

Mwaka wa 1891, kwa kuwa msaada kutoka Toronto haukutosha tena, alijiunga na misioni ya Wapresbiteri wa Marekani. Mwaka huohuo yeye na mmisionari Samuel Moffett walifunga safari ndefu kuelekea kaskazini, wakavuka mpaka na kufika Mukden, alipokuwa John Ross. Mwaka wa 1892 alimwoa Harriet Heron, mjane wa daktari mmisionari aliyefariki Seoul, akawalea binti zake wawili. Jamaa hiyo ikahamia Wonsan, bandari ya mashariki.

Huko Wonsan kazi mbili kubwa zilikomaa. Ya kwanza ilitoka mwaka wa 1895: tafsiri ya Safari ya Msafiri, kile kitabu cha John Bunyan ambacho makanisa mengi ya Afrika nayo yamekisoma, hata kwa Kiswahili. Gale na mke wake walikitoa kwa Hangul, ili hata mwanamke ambaye hakuwahi kufundishwa herufi za Kichina aweze kukisoma. Picha zake zilichorwa na Mkorea, Kim Jun-geun. Humo Mkristo anayetembea na mzigo wake amevaa mavazi ya Kikorea, na nyumba anazozipita ni nyumba za Kikorea. Msomaji wa Wonsan hakuhitaji kwanza kuwaza juu ya Uingereza ndipo aielewe safari ya roho yake.

Kazi ya pili ilikuwa kamusi ya Kikorea na Kiingereza, iliyochapwa Yokohama, Japani, mwaka wa 1897. Ilikuwa na maneno takriban 35,000. Kila neno la Kikorea lenye asili ya Kichina liliwekwa pamoja na herufi zake za Kichina, kisha maana yake kwa Kiingereza. Namna hii mtu aliweza kutoka katika lugha ya kila siku mpaka katika vitabu vya wasomi bila kupotea njia. Gale na wenzake waliirudia kamusi hiyo na kuiongeza. Toleo la pili lilitoka mwaka wa 1911, la tatu mwaka wa 1931. Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kuisoma Korea alianzia katika kitabu hicho.

Mwaka wa 1897 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, huko Marekani. Mwaka wa 1900 akawa mchungaji wa kanisa la Yondong, Seoul, na akalitumikia mpaka mwaka wa 1927. Mwaka uleule wa 1900, wageni wachache wa Seoul walianzisha tawi la Korea la shirika la Kiingereza la wataalamu wa mambo ya Asia, lililoitwa Royal Asiatic Society. Gale alisoma mbele yao maandishi ya kuonyesha jinsi China ilivyoingia katika maisha yote ya Korea. Mwalimu Mmarekani Homer Hulbert akajibu kwa maandishi mengine, akionyesha yale ambayo Wakorea walikuwa nayo wao wenyewe tangu kale. Mashindano hayo ya kirafiki yalichapishwa. Tunaweza kusema kwamba hapo ndipo elimu ya mambo ya Korea ilipoanza kupata desturi ya kielimu: mtu anatoa neno, analeta ushahidi, na mwenzake anaruhusiwa kumpinga.

Je, mambo hayo yalimsaidia nini mchungaji? Tuangalie gereza la Seoul. Miaka ile wanamageuzi kadhaa, watu wa elimu ya juu, walifungwa kwa sababu za siasa. Gale alikuwa mmoja wa wamisionari waliowatembelea na kuwapelekea vitabu. Aliweza kuzungumza nao kwa sababu alivijua vitabu walivyolelewa navyo, wala hakuviita giza tupu. Baadhi yao waliamini, na walipofunguliwa wakaja kuketi katika viti vya kanisa la Yondong pamoja na mafundi na watu wa hali ya chini. Mmoja alikuwa Yi Sang-jae, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa vijana Wakristo. Mwingine wa gereza lile, Syngman Rhee, alikwenda Marekani mwishoni mwa mwaka wa 1904 akiwa na barua ya Gale ya kumtambulisha. Huyo ndiye aliyekuwa baadaye rais wa kwanza wa Korea Kusini.

Mwaka wa 1910 Japani iliitwaa Korea na kuifanya koloni. Wakati huo mitihani ya kale ilikuwa imekwisha kufutwa, tangu mwaka wa 1894, na vijana walikuwa wanaiacha elimu ya babu zao. Gale aliona mbele ya macho yake maktaba nzima ikipoteza wasomaji. Akazidi kuandika. Mwaka wa 1913 alitoa hadithi za kale za Kikorea kwa Kiingereza. Mwaka wa 1922 ilichapwa London tafsiri yake ya riwaya ya Kim Man-jung, mwandishi wa karne ya 17. Riwaya hiyo inasimulia mtawa wa dini ya Budha anayeota maisha ya sifa na wanawake wanane, kisha anaamka na kuona kwamba yote ni ndoto. Mtu angeweza kuuliza mchungaji Mpresbiteri anatafuta nini katika kitabu kama hicho. Gale alitaka watu wa mbali wajue kwamba Wakorea walifikiri kwa kina juu ya ubatili wa dunia kabla hajafika mmisionari hata mmoja. Kati ya mwaka wa 1924 na wa 1926 aliandika pia historia ya watu wa Korea, sura kwa sura, katika gazeti la wamisionari.

Hapa tunafika mahali pa uchungu. Kwa miaka mingi Gale alikuwa katika halmashauri ya kutafsiri Biblia. Wenzake wengi walitaka tafsiri ishike maneno ya asili, neno kwa neno. Yeye alitaka Biblia iseme kama Mkorea anavyosema, hata kama ni lazima kupunguza maneno na kuyapanga upya. Wenzake waliogopa kwamba anajipa uhuru kupita kiasi juu ya Neno la Mungu, na hofu yao haikuwa bure, maana mara nyingine alifupisha mno. Hawakupatana. Mwaka wa 1923 aliiacha halmashauri, na mwaka wa 1925 Biblia yake nzima ikatoka, kazi aliyoifanya pamoja na Yi Chang-jik na Yi Won-mo, kwa msaada wa fedha wa Mkristo Mkorea, Yun Chi-ho. Makanisa hayakuipokea. Yaliendelea kusoma ile ya halmashauri. Kazi aliyoipenda kuliko zote ikabaki pembeni.

Mwaka wa 1927 aliondoka Korea. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka wa 1908, naye alikuwa amemwoa Ada Louisa Sale mwaka wa 1910. Waliishi Bath, Uingereza, na huko ndiko alikofariki tarehe 31 Januari 1937. Mwaka uliofuata serikali ya ukoloni iliondoa Kikorea katika masomo ya lazima ya shule. Lugha aliyoiandika katika kamusi tatu ilikuwa inasukumwa nje ya madarasa ya watoto wake yenyewe.

Lakini haikufa, na elimu yake nje ya nchi haikufa pia. Katika miaka ya 1920 Gale alikuwa amesaidia maktaba ya Bunge la Marekani kupata vitabu vya kale vya Kikorea. Mwaka wa 1939 George McCune, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Pyongyang, alitoa pamoja na Edwin Reischauer mpango wa kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini, ambao maktaba za dunia ziliutumia kwa miaka mingi. McCune akafundisha historia ya Korea huko Berkeley mpaka kifo chake mwaka wa 1948. Kisha vita vya 1950 mpaka 1953 vikafanya serikali na majeshi yatafute watu wanaojua Kikorea. Mwaka wa 1958 Edward Wagner alianza kufundisha historia ya Korea huko Harvard. Mwaka wa 1977 wataalamu wa Ulaya wakaunda chama chao. Tangu mwaka wa 1991 Korea Kusini yenyewe, kwa njia ya taasisi yake iitwayo Korea Foundation, inasaidia vyuo vya nje kuweka walimu. Tuseme kweli: si upendo peke yake uliokuza elimu hiyo, vita na fedha pia vilikuwamo. Lakini wale waliokuja nyuma walikuta vitabu mezani.

Karatasi za Gale ziko leo katika Chuo Kikuu cha Toronto, pale alipoanzia. Humo mna tafsiri nyingi ambazo hazikuchapwa katika maisha yake. Mwaka wa 1972 Richard Rutt, askofu Mwanglikana aliyetumika Korea, alitoa upya historia yake pamoja na maelezo ya maisha yake, na tangu hapo wataalamu wanazidi kuzichunguza karatasi hizo. Wanapozisoma wanakutana pia na alama za Yi Chang-jik na wasaidizi wengine, watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada la kamusi.

Wapendwa, katika parokia zetu wako wazee wanaojua mithali, nyimbo, majina ya majani ya dawa na habari za namna Injili ilivyofika vijijini. Wengine walikuwa walimu wa lugha kwa wageni, au waliketi miaka mingi kwenye meza ya watafsiri wa Biblia, na hakuna kitabu kinachowataja. Tusingoje chuo kikuu cha mbali kije kuwatafuta. Kijana mwenye daftari au simu aende kwa mzee huyo wiki hii, amsalimie kwa heshima, amwulize na kuandika. Na juu ya ukurasa wa kwanza aliandike jina la mzee.