Mkwawa na Akina Merere

Mkwavinyika, maarufu kwa jina la Mkwawa, alirithi kwa babaye Munyigumba koo za Uhehe zilizounganishwa kwa mkuki, pamoja na uhasama na akina Merere wa Usangu, nchi iliyomo leo katika Mkoa wa Mbeya. Munyigumba alipofariki mnamo 1879, Mwambambe, mkwewe, aliunyakua utawala. Mkwawa akakimbilia Ugogo, kisha akarejea akamshinda. Tarehe 17 Agosti 1891 aliliangamiza jeshi la Zelewski huko Lugalo. Simulizi nyingi hupenda kutua hapo. Hata hivyo, Wasangu, waliokwisha kusukumwa na Wahehe hadi Usafwa, walijiunga na Wajerumani. Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Mkwawa alipojiua Mlambalasi, Julai 1898, akina Merere walikuwa wamekwisha kurudishwa Usangu.