Mchungaji David Kaunda wa Lubwa

Bila shaka umewahi kusikia jina la Kenneth Kaunda. Yeye alikuwa rais wa kwanza wa Zambia, tangu mwaka 1964 hadi mwaka 1991. Je, unamfahamu baba yake? Baba yake aliitwa David Kaunda. Hakuwa mkubwa wa serikali. Alikuwa mwalimu na mhubiri wa Injili. Alifanya kazi yake ugenini, si mbali na mpaka wetu. Soma habari zake, nawe utaona mhubiri wa namna hii huishi kwa msaada wa nani.

Mahali alipofanya kazi

Ukitoka Saza ukaenda mpaka Tunduma, unafika mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, mji wa Zambia. Ukifuata barabara kuu ya kwenda Lusaka, unapita upande wa Isoka, kisha unafika njia ya kwenda Chinsali. Karibu na Chinsali iko misheni ya Lubwa. Siku hizi watu huenda huko kwa gari. David alipofika huko mara ya kwanza hapakuwa na gari. Watu walikwenda kwa miguu.

Alikotoka

David alizaliwa karibu mwaka 1878 katika kabila la Watonga, watu wa kando ya Ziwa Nyasa. Nchi hiyo leo inaitwa Malawi. Wamisionari kutoka Uskoti walifika huko mwaka 1875, wakaanzisha misheni ya Livingstonia. David alisoma katika shule zao. Akawa Mkristo, tena akawa mwalimu.

Mwaka 1904 misheni ilimtuma kwenda kwa Wabemba, huko Chinsali. Wakati huo misheni hiyo haikuwa na Mzungu aliyekaa Chinsali. Mwafrika ndiye aliyetangulia.

Maisha ya ugenini

Watu wengi walifika Saza na sehemu za Lupa kutafuta dhahabu. Waliacha kwao, lakini walitumaini kupata fedha. David pia aliacha kwao, lakini si kwa ajili ya mali. Mshahara wa mwalimu wa misheni ulikuwa mdogo.

Fikiri juu ya hali yake. Lugha ya Wabemba haikuwa lugha ya mama yake. Katika nchi ile hakuwa na ukoo, wala shamba la urithi. Mgeni kama huyo akiugua, nani atamletea uji? Nyumba yake ikivuja, nani atampa nyasi za kuezekea?

Jibu ni hili: wenyeji. Misheni ilimtuma, lakini watu wa vijijini ndio waliomwezesha kufanya kazi. Shule za siku zile zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Wanavijiji walizijenga kwa mikono yao wenyewe. David alizunguka kijiji hadi kijiji, akifundisha kusoma na kuhubiri.

Mkewe, Helen Nyirenda, alimfuata huko. Naye alikuwa mwalimu. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kufundisha shule katika nchi hiyo. Basi kazi ya Chinsali haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya mume na mke.

Kazi yao ilizaa matunda. Kijana mmoja, Paul Mushindo, alisoma Lubwa. Baadaye alisaidia kutafsiri Biblia kwa Kibemba, naye akawa mchungaji.

Chama cha Mwenzo

Karibu na Tunduma, upande wa Zambia, ipo misheni ya Mwenzo. Mwaka 1912 walimu Waafrika waliunda chama huko. Kati yao walikuwapo Donald Siwale na David Kaunda. Walitaka kuzungumza juu ya shida za watu na kuzipeleka kwa serikali. Hivyo David hakuhubiri tu. Alijali pia maisha ya wale aliowahubiria.

Mwaka 1914 vita kuu vilianza, vikafika hata mpakani kwetu. Watu wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Chama kikalala. Kiliamshwa tena mwaka 1923.

Kungoja muda mrefu

Mwaka 1913 mmisionari Mskoti, Robert McMinn, alikuja kukaa Lubwa. Mzungu huyo akawa mkubwa wa misheni. David, aliyeianza kazi, akawa chini yake. Hakuiacha kazi. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1930. Hesabu mwenyewe: toka mwaka 1904 mpaka 1930 ni miaka 26.

Hapa tunajifunza jambo. Msaada si chakula na fedha tu. Kumheshimu mtu anayefanya kazi, na kumpa nafasi anayostahili, nako ni msaada.

Baada ya kifo chake

Mchungaji David Kaunda alifariki mwaka 1932. Alikuwa mchungaji kwa miaka miwili tu. Kenneth, mtoto wake wa nane, alikuwa na umri wa miaka minane. Helen akabaki mjane.

Wakati huo kila mtoto wa shule alitakiwa kulipa shilingi mbili na nusu kwa mwaka. Helen hakuwa nazo. Fikiri, msomaji: baba alifungua shule za nchi ile, na sasa mwanawe mwenyewe anakosa ada ya shule! Mtoto alikwenda kwa mama yake akilia. Jirani mmoja mwema akawakopesha fedha hizo. Kenneth akaendelea kusoma. Hakumsahau jirani huyo. Alipokuwa mtu mzima alieleza habari hizi katika kitabu.

Shilingi mbili na nusu hazikuwa mali nyingi. Lakini zilifika siku zilipohitajiwa.

Wewe je?

Hata leo wako wahubiri wenyeji wanaofanya kazi penye vita na njaa, kama vile mashariki ya Kongo. Wengine wako karibu nawe: mwinjilisti aliyetumwa kijiji cha mbali, mwenye mke na watoto. Usingoje msaada wa wageni kutoka ng'ambo. Anza na debe la mahindi. Msaidie kulima. Uliza kama watoto wake wamelipiwa shule. Akifariki, usimwache mjane wake.

Tena, sasa unajua kusoma na kuandika. Michango ikitolewa, iandikwe: nani ametoa, kiasi gani, na imetumiwa vipi. Mwandikie mhubiri barua, umwulize hali. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. David Kaunda alitoka nchi gani, na alitumwa wapi?
2. Wanavijiji walimsaidiaje katika kazi yake?
3. Jirani aliisaidiaje nyumba ya mjane?
4. Katika kijiji chenu yuko nani afanyaye kazi kama ya David? Mnaweza kumsaidia kwa nini?