Osamu Tezuka: munganga aliyechagua kuchora

Osamu Tezuka alizaliwa inchi ya Japani tarehe 3/11/1928. Mwaka 1945, angali kijana, aliponea chupuchupu mabomu yaliyoanguka juu ya muji wa Osaka. Alisoma udaktari na akafaulu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye manga, ni kusema hadithi za picha. Mama yake akamushauri afuate kile anachopenda.

Mwaka 1952 alianza kuchora hadithi ya Atomu, mutoto wa roboti. Tarehe 1/1/1963 Atomu akaingia kwenye televisheni, kila wiki: anime, ni kusema filme ya michoro.

Watu walimuita Tezuka-sensei. Wajapani wanamupa mwalimu, munganga na muchoraji wa manga heshima hiyo moja. Alikufa tarehe 9/2/1989, na miaka 60. Hata kwenye kitanda cha hospitali aliendelea kuchora.